Daftari, simu au kihisi: tuwahesabie nini watoto wanaojifunza kupiga besiboli?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeifundisha darasani miaka mingi kabla sijaona kwamba inawahusu hata watoto wetu wa besiboli. Kila Jumamosi hapa Moshi, kabla jua halijawa kali na Kibo bado kinaonekana, watoto wa miaka 9 hadi 14 wanasimama kwa zamu na gongo mkononi, wanapiga, wanakosa, wanacheka, wanakwenda nyumbani. Jumamosi inayofuata sisi makocha tunaanza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. "Huyu anapiga vizuri." "Yule bado." Ukimuuliza kocha amejuaje, utakuta anakumbuka mpira mmoja uliovuka miti mwezi uliopita.

Basi tukaanza kuandika. Walimu wenzangu wa Arusha nao wameanza, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni moja: tuandike nini, na tuandikie wapi? Njia karibu zote zinazozungumzwa nimezijaribu kwa watoto hawa, isipokuwa moja niliyoiona kwa mgeni tu. Ninakoegemea nakusema mapema. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 14, daftari linaloandika kila mpira aliorushiwa linazishinda njia zote, hata kama kifaa cha bei mbaya ungepewa bure. Lakini zipo hali ambapo ningekushauri vingine, nami nitazitaja.

Kwa mzazi anayekutana na mchezo huu kwa mara ya kwanza: mrushaji anarusha, mpigaji anasimama pembeni mwa besi ya nyumbani, tunayoiita hom. Mpira unaopita juu ya hom, kati ya kwapa na magoti ya mtoto, ni straiki hata asipouchapa. Unaopita nje ya hapo, naye akauacha, ni boli. Straiki tatu, ametoka. Boli nne, anapewa besi ya kwanza bure. Akiupiga na kufika besi salama kwa mpigo wake mwenyewe, hiyo ni hiti. Mengine utayajua ukikaa nasi saa moja pale uwanjani.

Wastani wa hiti

Hii ndiyo namba ambayo kila mtu anaanza nayo, kwa sababu ni rahisi: hiti gawanya kwa zamu rasmi za kupiga. Hiti 3 katika zamu 10 ni 0.300. Mwandishi wa habari Henry Chadwick, Mwingereza aliyekulia Marekani, ndiye anayetajwa zaidi kwa kuiingiza hesabu hii kwenye besiboli katika karne ya 19, akiwa ametoka kwenye kriketi. Imedumu kwa sababu mtoto anaielewa, mzazi anaielewa, na daftari la shilingi chache linatosha.

Tatizo lake la kwanza ni uwanja. Tunachezea viwanja vya mpira wa miguu vyenye vumbi, kokoto na mashimo. Mpira mwepesi uliogongwa vibaya unagonga jiwe, unamruka mlinzi, mtoto anaandikiwa hiti. Mwenzake anaupiga mpira kama risasi, unaingia moja kwa moja kwenye glavu ya aliyesimama pale kwa bahati, anaandikiwa auti, yaani ametoka. Na mlinzi akiuangusha mpira ambao angepaswa kuushika, sheria inasema hilo ni kosa la mlinzi, hivyo mpigaji anahesabiwa zamu bila hiti. Nani anaamua kwamba "angepaswa" kuushika? Katika timu ambayo watoto watatu wanapokezana glavu moja, uamuzi huo ni wa kubahatisha.

Tatizo la pili ni muda. Mtafiti Mmarekani Russell Carleton alipima, kwa wachezaji wa ligi kuu ya kwao, ni zamu ngapi zinahitajika kabla namba haijaanza kusema habari za mchezaji kuliko habari za bahati. Kwa kutolewa kwa straiki tatu alipata zamu 60 hivi. Kwa wastani wa hiti, alipata zaidi ya 900. Watoto wetu si wachezaji wa ligi kuu, na sizichukui namba hizo kama msahafu, lakini piga hesabu. Mtoto anapata zamu 3 kila Jumamosi. Zamu 900 ni Jumamosi 300, karibu miaka sita. Aliyeanza akiwa darasa la tano atakuwa amefika kidato cha nne kabla wastani wake haujatueleza kitu cha kuaminika.

Tatizo la tatu nalisema kwa uchungu kwa sababu nililisababisha mimi. Msimu wetu wa kwanza nilibandika wastani wa kila mtoto ukutani, kuanzia wa juu hadi wa chini, nikidhani nawatia moyo. Mtoto aliyekuwa wa mwisho alikuja Jumamosi mbili, akasimama hom bila kuthubutu kuinua gongo, halafu hakurudi tena. Alikuwa na macho mazuri ya mpira kuliko wengi waliokuwa juu yake, na karatasi yangu haikuwa na safu ya kuonyesha hilo.

Wastani wa kufika besi

Watu wanaofuatilia besiboli ya Marekani watakuambia uachane na hiti, uhesabu mara ngapi mtoto anafika besi kwa njia yoyote isiyotokana na kosa la mlinzi: hiti, boli nne, au kugongwa na mpira. Hoja yao ni nzuri. Timu ya Brooklyn Dodgers ilimwajiri mtakwimu Allan Roth mwaka 1947, naye akaipigania namba hiyo pamoja na bosi wake Branch Rickey. Hata hivyo ligi kuu iliitambua rasmi mwaka 1984 tu. Tuseme watoto wawili wana hiti 3 katika zamu rasmi 10. Wastani wao ni ule ule, 0.300. Lakini wa pili amepewa pia besi 4 za bure, ambazo hazihesabiwi kwenye zamu rasmi. Ukizijumlisha, amefika besi mara 7 katika safari 14, yaani nusu. Mwenzake bado yuko kwenye 0.300.

Kwa watu wazima ningeishia hapo na kusema chukua hii. Kwa watoto nasita, na sababu yake niliiona kwa macho yangu. Warushaji wa miaka 10 hawajajua kulenga. Mipira mingi inapita juu ya kichwa au inachimba vumbi kabla ya hom. Mtoto mwerevu anagundua haraka kwamba akisimama tu kama nguzo ya umeme, atapewa besi. Namba yake inapanda, kocha anampongeza, na mtoto hajifunzi kupiga. Akifika miaka 14 anakutana na mrushaji anayelenga, na hapo anatolewa mara tatu mfululizo bila kuliinua gongo begani.

Itumie ukiwa na vijana wa sekondari ambao warushaji wao wanalenga. Kwa wadogo, isikae peke yake.

Mpira mmoja mmoja

Hapa ndipo nilipotia nanga. Badala ya kuandika zamu iliishaje, unaandika kila mpira ulipopita na mtoto alifanya nini. Sisi tunafanya hivi. Kila zamu ina mraba mmoja uliochorwa kwa kalamu. Mraba ndio eneo la straiki. Mpira wa kwanza ukipita katikati, unaandika 1 katikati ya mraba. Wa pili ukipita juu, unaandika 2 juu, nje ya mraba. Mtoto akizungusha gongo, unaizungushia namba hiyo duara. Akiupiga kwa nguvu, unapiga mstari chini yake. Basi. Hakuna lugha ngeni, na karatasi yenye miraba ya daftari la hesabu inakupunguzia hata kazi ya kuchora.

Ukishakuwa na ukurasa mzima, huhitaji kikokotoo. Duara nyingi nje ya mraba: mtoto anafukuza mipira mibaya. Namba nyingi ndani ya mraba zisizo na duara: anaogopa, au anasubiri besi za bure. Duara nyingi ndani lakini mistari michache: macho ni mazuri, mikono bado. Hayo ni magonjwa matatu tofauti yanayotaka dawa tatu tofauti, na wastani wa hiti unayaita yote "0.200".

Turudi kwa wale wawili wa mfano. Tuseme kila mmoja amerushiwa mipira 18 iliyopita nje ya mraba. Wa kwanza ameifukuza 12, wa pili 4. Sasa najua wiki ijayo nifanye nini na wa kwanza. Simwambii "ongeza bidii". Namweka hom bila gongo, mwenzake anarusha, naye anataja kwa sauti kabla mpira haujafika kwa mdakaji anayechuchumaa nyuma ya hom: "ndani!" au "nje!" Watoto waliokua wakicheza rede wanalipata zoezi hili upesi mno. Wamezoea kuusoma mpira ukiwa bado kwenye mkono wa anayerusha, kwa sababu kwenye rede usipousoma unapigwa. Nimewaona wasichana wa Pasua na Majengo wakiwashinda wavulana kwenye zoezi hili siku ya kwanza kabisa, na siamini kwamba ni bahati.

Njia hii inakusanya habari haraka pia. Zamu tatu zinakupa matokeo matatu tu, lakini zinaweza kukupa mipira 12 au 15. Ndani ya mwezi mmoja unakuwa na kitu cha kumwonyesha mtoto.

Wazo lenyewe si geni. Ted Williams, mpigaji wa timu ya Boston, ambaye mwaka 1941 alipata wastani wa 0.406, na tangu hapo hakuna aliyefikisha 0.400 kwenye msimu mzima wa ligi kuu mbili za Marekani, National na American, aliligawa eneo la straiki kuwa mipira 77, saba kwa upana na kumi na mmoja kwa urefu, akakadiria wastani wake kwa kila sehemu. Mipira ya katikati aliipa 0.400. Ile ya kona ya chini upande wa nje aliipa 0.230. Mpigaji hodari kiasi hicho, akikubali kupiga mpira mbaya, alijiona anageuka kuwa mpigaji wa kawaida. Nikiwaeleza watoto hilo wananyamaza kabisa.

Udhaifu upo. Kwanza, anayeandika lazima akae nyuma ya mdakaji, nyuma ya wavu. Ukikaa pembeni, urefu wa mpira utauona, lakini kushoto na kulia utakuwa unakisia. Kama huna wavu, usiandike ukiwa hapo, maana mpira unaopigwa kwa ukingo wa gongo unarudi nyuma kwa kasi ya kuumiza. Kaa mbali zaidi, kwenye mstari ule ule, ukubali kukosea kidogo. Pili, kocha mmoja hawezi kurusha, kusimamia na kuandika. Sisi tumewapa daftari watoto wanaosubiri zamu, wawili wawili, na ikawa faida ambayo sikuitarajia: mtoto aliyeandika mipira 60 ya wenzake analijua eneo la straiki kuliko aliyehubiriwa na mimi mwezi mzima. Wanabishana sana. "Hiyo ilikuwa ndani!" "Nje, wewe!" Waache wabishane.

Tatu, neno "kwa nguvu" lazima mkubaliane maana yake, la sivyo kila baba atamwona mwanawe anapiga kwa nguvu. Kwetu mpira wa nguvu ni ule uliomfikia mlinzi kabla hajapiga hatua mbili, au uliovuka walinzi wa ndani, wale wanaosimama karibu na besi, bila kudunda. Usipime kwa umbali, na hili nawaambia hasa ndugu zangu wa Arusha. Mji wenu uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, si mbali sana na Denver ya Marekani yenye mita 1,600, ambako mipira inajulikana kwa kuruka mbali kwa sababu hewa ni nyepesi. Sisi Moshi tuko chini, kati ya mita 800 na 900. Mtoto wa Arusha akija kucheza kwetu, au akienda Dar es Salaam, mpigo ule ule utaanguka karibu zaidi, na atadhani ameshuka kiwango.

Swali moja niliulizwa na msichana wa darasa la saba baada ya kuangalia video kwenye simu ya kaka yake: "Mwalimu, mbona Vladimir Guerrero anapiga mpira uliodunda chini na watu wanamshangilia?" Ni kweli. Mchezaji yule wa Jamhuri ya Dominika alipiga hata mipira iliyogusa ardhi, akamaliza na wastani wa 0.318 na kuingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa besiboli ya Marekani mwaka 2018. Nilimjibu kwa kumfungulia ukurasa wake mwenyewe. Duara zake za nje zilikuwa tisa, mistari chini yake hakuna hata mmoja. Siku tutakayoona mistari huko nje, tutaongeza mraba wake. Daftari halimkatazi mtoto kipaji chake, linamtaka akionyeshe.

Simu: video na programu

Video ni dawa ya yule mtoto wa aina ya tatu, mwenye macho mazuri na mikono iliyochelewa. Lakini tumia mwendo wa polepole, na sababu ni hesabu tupu. Mpira wa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kwa sekunde. Kamera ya kawaida inachukua picha 30 kwa sekunde, hivyo kati ya picha moja na nyingine mpira umeshasogea sentimita 74. Mguso wa gongo na mpira utaukosa kabisa. Ukiweka picha 240 kwa sekunde, kama simu yako inaruhusu, pengo linashuka hadi sentimita 9. Simama mkabala na kifua cha mpigaji, nje ya njia ya mpira, simu iwe juu ya kitu kisichotikisika.

Video inamaliza chaji na nafasi ya simu, na inamaliza asubuhi. Watoto 18, mipigo mitano kila mmoja, halafu nani ataiangalia yote? Mimi narekodi watoto wawili tu kwa Jumamosi, wale ambao daftari limeshaniambia wana shida ya mikono. Pia omba ruhusa ya mzazi kabla, na usirushe video ya mtoto wa mtu kwenye kundi la WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata bila sheria, mtoto anayekosa mpira mara tano hapendi kuonwa na mtaa mzima.

Programu za simu za kuandikia mechi zinafanya kazi nzuri ya kukokotoa. Zinakupa wastani wote, zinachora mipira ilikoangukia, zinahifadhi msimu mzima. Nyingi ziko kwa Kiingereza, zinataka mtu anayezijua kanuni za uandishi, na zinataka bando. Kwa timu ya vijana inayocheza mechi rasmi, hasa kama kuna mzazi mmoja anayependa kazi hiyo, zinafaa. Kwa mazoezi ya watoto zinaondoa kile ninachokithamini zaidi, yaani mtoto mwenyewe kushika kalamu.

Kihisi cha gongo

Hii ndiyo ile niliyoiona kwa mgeni aliyetutembelea. Ni kidude kidogo kinachovalishwa kitakoni mwa gongo, kinatuma kwenye simu kasi ya gongo na pembe ya mzunguko wake. Blast Motion na Diamond Kinetics ndiyo majina yanayosikika zaidi. Vinafanya kazi. Lakini kihisi hakijui kama mpira uliozungushiwa gongo ulikuwa ndani ya mraba au juu ya kofia. Mtoto atapongezwa kwa kasi nzuri kwenye mpira ambao hakupaswa kuugusa. Na kwa bei inayozidi dola 100, mimi ningenunua glavu.

Sasa, wewe uchague ipi?

Kama uko peke yako na watoto 20, na hakuna anayeweza kukusaidia, usihangaike na mraba kwa wote. Chagua watoto wanne kila wiki uwaandike hao, wiki inayofuata wanne wengine. Ndani ya wiki tano umewapitia wote, na habari chache sahihi ni bora kuliko ukurasa uliojazwa kwa kukumbuka jioni.

Kama una kijana wa miaka 16 anayetaka kuchaguliwa timu ya mkoa, mwandikie wastani wa kufika besi pamoja na mraba, umrekodi video mara moja kwa mwezi kutoka sehemu ile ile. Kama wewe ni mzazi tu na hujui kanuni, hesabu kitu kimoja: mipira mibaya ambayo mwanao aliiacha. Na akirudi kwenye benchi mtajie idadi hiyo kabla hajakueleza kwamba ametolewa.

Kama shule yenu ina kompyuta, mwisho wa mwezi ingizeni idadi kwenye lahajedwali: mipira ya ndani aliyozungushia gongo, ya ndani aliyoiacha, ya nje aliyoifukuza, ya nje aliyoiacha. Safu nne tu. Mlinganishe mtoto na mwezi wake uliopita, asilinganishwe na jirani yake. Ukutani pasibandikwe kitu.

Masika yanapokatisha mazoezi, Machi hadi Mei, ndipo madaftari yanapofanya kazi kubwa zaidi. Tunakaa darasani mvua ikipiga bati, kila mtoto na kurasa zake, na ninachouliza ni kimoja: "Kurasa zako zinasema nini?" Mwaka huu mvulana mmoja aliye kimya sana aliziangalia zake muda mrefu, akageuza daftari kichwa chini, akaligeuza tena, kisha akasema, "Mwalimu, straiki ya kwanza naiacha kila siku. Naogopa kukosa mapema." Miezi mitano nilikuwa nikimwambia ashike gongo juu zaidi.